Baada ya Wimbo wa Nane

Mama mkwe wa Musyimi alimwomba jambo moja tu maishani, na alimwomba baada ya wimbo wa nane. Ndani ya flash, katikati ya nyimbo za gitaa alizozipanga mwenyewe, mama huyo, Kaveke, alikuwa amerekodi sauti yake akimsihi mkwe wake apande Nunguni siku ya Jumamosi, aje aseme mbele ya ukoo maneno aliyomsikia marehemu mumewe Mutiso akiyasema kuhusu shamba la chini. Asipokuja, shamba lingempotea. Musyimi hakusikiza. Aliishia wimbo wa kwanza, tena nusu yake, halafu akatoa kauli kwamba amesikiza mpaka mwisho. Mengine yote yalitoka hapo.

Usimhukumu bado. Au mhukumu ukipenda, lakini kwanza umjue.

Musyimi hununua pilipili na bamia kwa wakulima wa Kibwezi, wale wanaomwagilia kandokando ya mto, akazipeleka kwa wenye kuzisafirisha ng'ambo. Ni mtu wa watu, mwimbaji mzuri kanisani, na ana ugonjwa mmoja ambao mji mzima umeshindwa kumtibu. Anapenda roki. Si roki yoyote tu, bali zile ndogo ndogo zinazoitwa power pop, nyimbo fupi zenye gitaa linalometameta na kiitikio kinachokaa kichwani siku nzima, na ndugu zake garage rock, ambazo husikika kana kwamba vijana wanne walifungiwa ndani ya gereji na spika mbovu wakaambiwa hawatoki hadi wamalize. Kibwezi nzima, aliyepatwa na ugonjwa huo pamoja naye ni Gicheru peke yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Nyeri. Hao wawili hutengenezeana michanganyiko ya nyimbo, wakapeana flash kama watu wengine wanavyopeana mbegu.

Mtu wa tatu alikuwa Kaveke, na hapo ndipo mambo yalipokuwa na utamu wake. Maana Mkamba aliyelelewa vizuri hampi mama mkwe wake mkono. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake akaangalia kando. Heshima hiyo huitwa nthoni. Siku hizi wengi wameilegeza, utawaona kwenye harusi wamekumbatiana wakipigwa picha, lakini Musyimi na Kaveke waliishika wote wawili, tena kwa fahari. Tangu amwoe Mbinya, Musyimi hakuwahi kumtazama mama yake usoni zaidi ya kufumba na kufumbua.

Mbinya alipojifungua, Kaveke alishuka Kibwezi kumtunza. Musyimi, kwa adabu, akahamia stoo ya nje pamoja na magunia na spika zake. Siku ya kwanza alisikiza muziki hadi akakumbuka kwamba kuna mgeni wa heshima ndani, akazima haraka. Mara Mbinya akatokea mlangoni na mtoto begani.

"Mama anauliza mbona umezima. Anasema yule jamaa alikuwa hajamaliza kulia."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kaveke aliporudi kwake milimani, flash ilimfuata ndani ya mfuko wa pilipili, na baadaye ikarudi ndani ya mfuko wa maparachichi pamoja na ujumbe kupitia kwa Mbinya. Mpiga ngoma wa wimbo wa tatu ana haraka kama mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani. Yule msichana anayeimba kwa hasira, Mungu ambariki, mwongeze mwingine kama yeye. Miaka ikapita namna hiyo. Wawili ambao hawangeweza hata kusalimiana kwa mkono wakawa wanajuana ladha ya moyo, na Musyimi hakuona haya kujivuna. Alimwambia Gicheru kwamba hakuna mtu Ukambani nzima mwenye mama mkwe kama wake.

Basi siku moja flash ikarudi na mchanganyiko ambao si wake. Kaveke alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa msaada wa Yvonne, msichana wa duka la fotokopi pale sokoni Nunguni. Mbinya alimkabidhi mumewe kwa mikono miwili.

"Mama amesema hii usikize ukiwa peke yako, umetulia."

Musyimi aliifungua kwenye kompyuta, akaona ni faili moja ndefu, akaibonyeza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe, aliompelekea mwaka juzi. Akatabasamu, kisha akakunja uso kidogo. Wimbo ule ni wa polepole, na mchanganyiko haufunguliwi kwa wimbo wa polepole. Hata Gicheru anajua hilo. Akajisemea kwamba mama amejitahidi, lakini hizi ni nyimbo zangu zinanirudia tu. Ukweli ni kwamba alimwonea kijicho kidogo, kama fundi anayeona mteja ameshika nyundo. Nje lori lilikuwa likipiga honi, pilipili zilikuwa juani, akaichomoa flash akaitia mfukoni.

Mbinya alimuuliza siku ya Jumatano wakati wa chakula.

"Umesikiza ile kitu ya Mama?"

"Nimesikiza."

"Yote? Kwa sababu ameniuliza mara mbili."

"Mpaka mwisho," akasema Musyimi, akichovya ugali. "Mwambie nimesikiza mpaka mwisho na hakuna kitu naweza toa."

Alidhani anamvisha mama wa watu kilemba cha ukoka tu, jambo dogo, kama unavyomsifu mpishi ambaye chakula chake kimezidi chumvi. Mbinya akapiga simu papo hapo. Musyimi akamsikia akirudia maneno yale yale, halafu akiuliza kwa Kikamba kama mama anaumwa.

"Amelia," Mbinya akasema alipokata simu. "Anasema Mungu akubariki. Kwani uliambiwa nini huko?"

"Ni muziki tu. Unajua mama na muziki."

Hapo angeweza bado kuchukua flash akasikiza. Alilifikiria jambo hilo, na nalisema kwa sababu baadaye alijidai hakulifikiria. Alijiambia atasikiza kesho. Alhamisi akawa na wakulima, Ijumaa akawa na lori.

Jumamosi alikuwa na raha zake. Alikula, akapumzika, na jua lilipoanza kupoa akaenda dukani kwa Gicheru na mchanganyiko mpya. Wakakaa juu ya mifuko ya saruji, gitaa zikikwaruza, huku Gicheru akiwapimia wateja misumari kwa kutikisa kichwa. Kati ya wimbo na wimbo Musyimi akacheka akasema, "Unajua mama mkwe wangu sasa ni DJ? Ametengeneza yake."

"Acha mchezo. Iko wapi?"

"Hii hapa. Lakini ukisikia alivyoipanga, utamhurumia."

Gicheru aliipokea kwa heshima zaidi ya ile iliyotolewa nayo. Akaichomeka kwenye redio kubwa ya dukani, na wimbo wa polepole ukaanza. Musyimi akanyoosha mkono ausogeze mbele, Gicheru akamzuia.

"Wacha. Ameanza na huu makusudi. Sikia vile wa pili unaingia."

Na kweli, wa pili uliingia kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Wa tatu ulimjibu wa pili. Kulikuwa na nyimbo ambazo Musyimi hakuwahi kuzisikia, alizozitafuta mama mwenyewe, na zilikuwa nzuri kuliko alizozoea kumpelekea. Akaanza kuona haya kidogo, haya nyepesi ya mtu aliyedharau kazi ya mwenzake. Hakujua kwamba hiyo ilikuwa rasharasha tu.

Wimbo wa nane ulipoisha, muziki haukuendelea. Mtu alikohoa. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke mzima, ya chini, iliyokaribia sana kinasa sauti, ikitoka kwenye spika za duka hadi barabarani. Aliongea Kiswahili. Labda kwa Kikamba maneno hayo yangekataa kutoka.

"Musyimi, ni mimi, Mama Mbinya. Sijawahi kuongea na wewe hivi, na hata saa hii nimefunga macho. Yvonne nimemwambia atoke nje. Nisikize. Kitheka anataka shamba ya chini. Anasema ndugu yake alimwachia. Wewe ulikuwa hapo siku Mutiso alitembea mpaka wa shamba, ulimshikia kamba, ulisikia alisema nini. Mimi nilikuwa jikoni. Nikisema, wanasema najitetea. Ukoo unakutana Jumamosi hii saa nne, kwa Kitheka."

Mama mmoja aliyekuwa akichagua kufuli aliacha kuchagua. Musyimi aliinuka aizime redio, akaishia kusimama kati ya mifuko ya saruji.

"Mbinya sijamwambia. Unajua mdomo yake. Atakuja atukane hao wazee, na mimi ndio naishi nao. Na wewe sitaki kukulazimisha, kwa sababu mkwe kusimama kwa ukoo si kawaida, najua ni aibu nakutafutia. Kwa hivyo tufanye hivi. Kama hutaki, nyamaza tu, hakuna mtu atajua niliomba, na sitakuwekea kitu kwa roho. Lakini kama utakuja, mwambie Mbinya umesikiza mpaka mwisho. Nikisikia hivyo, nitawaambia wangoje. Haya. Sasa sikiza hii inafuata, naipenda sana, wanaimba kama watu wamechelewa."

Na wimbo wa tisa ukalipuka kwa gitaa mbili na makofi. Gicheru aliupunguza polepole hadi ukaisha sauti. Hakumtazama rafiki yake. Alimpa yule mama kufuli, akampa na chenji, akamsubiri aondoke.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Ulisema hivyo hivyo, mpaka mwisho?"

Musyimi alitazama saa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Huko Nunguni wazee walikuwa wameshakula, wameshanawa, wameshaenda zao. Aliona aibu hata kuwa na mikono. Hakujua aiweke wapi. Akawaza kwamba mwanamke yule alifunga macho ili aweze kumsemesha, naye akayaacha maneno yake mfukoni pamoja na funguo na risiti za mafuta. Angalau angekataa. Angekataa, mama angejua la kufanya.

Nyumbani alimweleza Mbinya akiwa amesimama, kama mwanafunzi. Mbinya alisikiza bila kumkatiza, na kwa mwanamke mwenye mdomo unaojulikana hadi Nunguni, hilo lilitisha.

"Kwa hivyo mimi ndio nilimwambia," akasema mwishowe. "Ulichukua mdomo wangu ukadanganya mama yangu nao."

Akapiga simu, akaweka sauti ya nje ili mumewe asikie. Kaveke aliitikia vizuri, akauliza habari ya mtoto, akauliza kama mvua imenyesha. Alipoulizwa kuhusu mkutano, alisema umekwisha, wameamua, basi. Kitheka amepewa shamba la chini.

"Na Musyimi asijali," akaongeza. "Niliwaambia labda gari imeharibika njiani. Hizi gari haziaminiki. Si ni gari?"

Mbinya alimtazama mumewe, simu ikiwa kati yao mezani. Hakumsaidia kwa lolote. Na hapo, aibu juu ya aibu, Musyimi alijikuta anaitamani ile gari. Aliiona kabisa imesimama kando ya barabara, boneti wazi, yeye ameinama anahangaika. Mama mkwe alikuwa amemtengenezea uongo, ameupanga vizuri, amemwekea mkononi, kilichobaki ni yeye kusema ndiyo.

"Nakuja kesho," akasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza akimsemesha bila mtu katikati. Upande wa pili simu ikakatika.

Alfajiri Gicheru alimchukua kwa pikapu yake. Walipita Kiboko na Emali bila kuwasha redio, jambo ambalo halikuwahi kutokea ndani ya gari lile. Njia nzima Musyimi alipanga maneno. Alijua namna mambo yatakavyokwenda: atakaribishwa sebuleni, ataketi peke yake, mama atakaa jikoni, na katikati yao ukuta. Atauambia ukuta ukweli. Ataomba msamaha, ataomba aende kwa Kitheka aseme alichokisikia, hata kama amechelewa. Ukuta ule ulimpa nguvu. Kuna mambo mtu anaweza kuyasema mradi tu asitazamwe.

Walipofika, aliona kwanza shamba la chini. Wana wa Kitheka walikuwa tayari wanachimba mashimo ya nguzo kando ya maparachichi, hata kanisa hawakungoja. Mmoja wao alimtambua akampungia mkono kwa furaha, bila ubaya wowote, kama unavyompungia mgeni ambaye hakuhusu. Gicheru akabaki garini.

Musyimi alipiga hodi, akarudi nyuma hatua kadhaa na kugeuza uso upande, kama anavyofanya siku zote, ili mama apate nafasi ya kuondoka sebuleni. Mlango ulifunguka. Hakusikia nyayo zikielekea jikoni. Zilikuja kwake.

"Karibu, Musyimi," Kaveke akasema, na akamnyooshea mkono.

Alikuwa amesimama pale pale mbele yake, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani, macho yake yamemtazama usoni moja kwa moja. Musyimi alitazama chini. Mkono haukuondoka. Akaushika, kwa kuwa mtu akikupa mkono utafanya nini, na ulikuwa mkavu, mgumu, wenye joto. Kama angetukanwa angejua pa kusimama.

"Mama, si hivi," akasema kwa sauti ndogo. "Mama, tafadhali."

"Ingia. Kuna baridi huku kwetu, si kama kwenu."

Alimkalisha, akaketi kiti cha mkabala, magoti yao karibu yagusane. Akammiminia chai, akajimiminia na yeye, akanywa mbele yake. Akamuuliza bei ya pilipili. Musyimi akajibu. Akamuuliza kama barabara ya Emali imetengenezwa. Akajibu. Ndivyo anavyozungumza na wanunuzi wa maparachichi, watu wema wanaokuja na kwenda.

"Mama, hakukuwa na gari," Musyimi akasema, akiweka kikombe chini. "Sikusikiza. Nilisema nimesikiza na sikuwa nimesikiza. Niliona ni muziki tu. Nimekukosea, na sina la kujitetea."

"Hiyo ya gari nilijua," Kaveke akasema. "Nilikaa nikiangalia barabara. Kitheka hakuwa mbaya, alisema tungoje. Tukanywa chai, tukanywa tena. Nikawaambia, huyo mtu amekubali, hawezi kukosa, namjua. Halafu mzee mmoja akauliza, unamjua aje na hamsalimiani? Wakacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanya nini."

"Wacha niende sasa hivi kwa Kitheka. Nitasema kila kitu mbele yake. Nitasema Mutiso alisema shamba ni lako mpaka kufa kwako."

"Utasema ulikuwa wapi jana?"

Musyimi alijua jibu, na alijua litakavyosikika kwenye baraza la Kitheka: kwamba alikuwa amekaa juu ya saruji, anasikiza nyimbo.

"Nitasema hivyo hivyo," akasema.

"Basi nenda, kama utaenda. Hiyo ni kati yako na wao. Mimi sikutumi." Hakuwa na hasira, na Musyimi aliitafuta hasira hiyo usoni mwake kama mtu anayetafuta ufunguo. "Mimi nilikuheshimu sana, Musyimi. Hata jina lako nilikuwa silitaji ovyo. Lakini nikaona jana, heshima yote hiyo, na wewe ulikuwa hunisikii. Nimechoka kujificha jikoni nyumbani kwangu."

Akainuka, akaleta birika la maji na beseni, akamnawisha mikono kwa mikono yake mwenyewe. Akaleta sahani moja ya isyo, mahindi na maharagwe yaliyopikwa na viazi, akaiweka kati yao na vijiko viwili. Akaanza kula. Baada ya muda Musyimi naye akala, maana kukataa kungekuwa dharau nyingine juu ya ile. Nje, wana wa Kitheka walikuwa wakigonga nguzo.

Sahani ilipokwisha aliinuka kwenda kwa Kitheka. Kaveke alimsindikiza hadi kizingitini, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, akasimama kando yake jua likiwapiga wote wawili, watu wakipita barabarani na kuwaona.

"Na zile nyimbo," akasema, "usitume tena. Ukiwa na neno, utakuja uniambie. Si sasa tunaongea tu?"

Musyimi akaitikia kwamba ndiyo, mama, sasa tunaongea. Kisha akashuka kuelekea zilikokuwa zikigongwa nguzo, na hakuthubutu kugeuka kuangalia kama bado amesimama pale.